Malawi: Wanunuzi wanaongezeka, dola haziongezeki

Kwa mfanyabiashara wa Mbeya, Kyela au Dar es Salaam, Malawi ni soko linalovutia. Iko jirani, barabara ni ya lami kutoka Uyole kupitia Tukuyu na Karonga mpaka Lilongwe, na watu wake wanaongezeka kila mwaka. Sensa ya mwaka 1966, miaka miwili baada ya uhuru, ilihesabu watu milioni 4. Ile ya 1998 ilipata karibu milioni 10, ya 2008 milioni 13, na ya 2018 milioni 17.5. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba nchi hiyo imekwishavuka milioni 21.

Lakini wasafirishaji waliozoea njia ya Kasumulu wanajua jambo ambalo takwimu hizo hazisemi. Mzigo unaweza kuisha wote ndani ya wiki moja mjini Mzuzu au Lilongwe, na bado mwenye mzigo akarudi nyumbani bila fedha anayoweza kuagizia mzigo mwingine. Amelipwa kwacha. Kuigeuza kwacha hiyo kuwa dola au shilingi, kwa bei ambayo bado inamwachia faida, ndiyo kazi kubwa kuliko ya kuuza.

Chanzo cha tatizo hakijifichi. Malawi inaishi kwa tumbaku. Mauzo yake yote ya nje huzunguka dola bilioni 1 kwa mwaka, wakati bidhaa inazonunua nje zinagharimu kiasi cha dola bilioni 3: mafuta, mbolea, dawa, magari, nguo na vyakula vya viwandani. Katika mauzo hayo hakuna zao linaloifikia tumbaku. Mwaka 2008, nchi ikiwa na watu milioni 13, masoko ya tumbaku yaliingiza zaidi ya dola milioni 400. Mwaka 2024, watu wakiwa wamekwishapita milioni 20, masoko hayo hayo yaliingiza chini kidogo ya milioni 400. Mwaka 2025 mambo yalikuwa mazuri na mapato yakapita milioni 500, lakini ukigawa kwa vichwa bado ni kidogo kuliko kilichopatikana 2008.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara ya Malawi. Midomo inaongezeka na mahitaji yanaongezeka, lakini pato la nje limesimama karibu palepale. Anayetazama idadi ya watu peke yake anahesabu wateja ambao wengi wao hawana cha kulipia.

Zaidi ya watu 8 kati ya 10 wanaishi vijijini, na nusu ya wananchi ni watoto chini ya miaka 18. Kwa hesabu za Benki ya Dunia za mwaka 2019, watu 7 kati ya 10 waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Mashamba nayo yamegawanywa kati ya watoto, na wajukuu wakagawana tena, hata familia nyingi zinalima eneo lisilofika hekta moja. Ni kweli kwamba akina mama wa Malawi wanazaa watoto wachache kuliko zamani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta wastani wa watoto 6 kwa kila mwanamke, na ule wa 2015 na 2016 ukakuta 4.4. Hata hivyo wasichana wanaoingia umri wa kuzaa ni wengi mno, kwa hiyo idadi ya watu itaendelea kupanda kwa miaka mingi hata kama kila mmoja atazaa watoto wawili au watatu tu.

Soko la namna hiyo lina tabia yake. Linanunua kidogo kidogo na mara kwa mara: sabuni ya kipande, mafuta ya kula ya kupima, chumvi, kiberiti, mitumba, vipuri vya baiskeli, taa za jua. Bidhaa ya bei kubwa hukaa dukani. Wafanyabiashara wa Kitanzania waliodumu Malawi ni wale waliolielewa hilo mapema, na wengi wao si matajiri wa Kariakoo bali watu wa kati wa Mbeya na Tunduma wenye lori moja au mawili.

Jambo la pili la kuelewa ni kalenda. Mahindi ya Malawi huvunwa kuanzia Aprili hadi Juni, na masoko ya tumbaku hufunguliwa kwenye miezi hiyo hiyo na kuendelea mpaka Agosti hivi. Kwa hiyo kuanzia Aprili mkulima ana chakula ghalani, ana kwacha mfukoni, na benki zina dola za tumbaku. Mwagizaji wa Lilongwe aliyekuwa akisubiri foleni ya fedha za kigeni tangu Januari anapata chochote. Madeni yanalipwa. Soya, karanga na maharage yanapatikana, na lori lina matumaini ya kupata mzigo wa kurudi nao.

Kuanzia Oktoba hali inageuka. Akiba ya mahindi inaanza kwisha vijijini na bei inapanda. Dola za tumbaku zimekwishatumika, nyingi kwa mafuta na mbolea, kwani mbolea lazima ifike mashambani kabla ya mvua za Novemba na Desemba. Mvua zenyewe zinapoanza zinaleta malaria na, katika miaka mibaya, kipindupindu. Barabara za vijijini zinakatika. Njaa, maradhi na ukame wa dola vinaangukia katika miezi ileile mitano, Novemba hadi Machi. Hesabu inayotengenezwa Julai kwa mzigo utakaofika Januari haina budi kulizingatia hilo.

Mfano wa karibuni ulikuwa mbaya sana. Machi 2022 kipindupindu kilianza katika wilaya ya Machinga, kusini mwa nchi. Badala ya kwisha pamoja na mvua kama kawaida, kiliendelea kiangazi chote, kikafuata wilaya za mwambao wa ziwa ambako wavuvi na wachuuzi wa samaki husafiri huku na huko, na kufikia mwisho wa mwaka kilikuwa kimegusa nchi nzima. Desemba 2022 serikali ilitangaza hali ya dharura ya afya. Januari 2023 shule za Lilongwe na Blantyre zilichelewa kufunguliwa. Mpaka ugonjwa huo unatulia katikati ya mwaka 2023, watu zaidi ya 58,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 1,700 wamefariki. Malawi haikuwahi kuona mlipuko wa kipindupindu mkubwa kama huo.

Kwa msafirishaji, kipindupindu si habari ya hospitali tu. Masoko ya vyakula vilivyopikwa yanafungwa, vibanda wanakokula madereva na utingo vinafungwa, wachuuzi wa samaki wanazuiwa, na ukaguzi wa afya mpakani unaongeza saa. Kubwa zaidi, nchi yenye dola chache inalazimika kuzigawa upya: maji ya dripu na dawa za kusafisha maji vinakwenda mbele, wengine wanangoja.

Kipindupindu hicho hakikuja peke yake. Januari 2022 kimbunga Ana kilibomoa bwawa la umeme la Kapichira kwenye mto Shire, na nchi ikapoteza karibu theluthi ya umeme wake kwa zaidi ya mwaka mmoja. Machi 2023 kimbunga Freddy kikaipiga Blantyre na wilaya za kusini. Waliokufa na wale ambao hawakuonekana tena walipita 1,000. Msimu uliofuata ukaja ukame, na Machi 2024 Rais Lazarus Chakwera akatangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Ukame ukichoma mahindi, serikali inahitaji dola za kununua chakula, na dola hizo zinatoka katika mfuko uleule unaomlipa muuzaji wa saruji au vipuri.

Upande mmoja wa afya una habari njema, nayo inawahusu madereva moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 UKIMWI ulikuwa ukiiangamiza Malawi. Umri wa kuishi ulishuka hadi karibu miaka 45, na waliokufa walikuwa walimu, wauguzi, mafundi na madereva, yaani watu wa umri wa kufanya kazi. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za ARV bure. Mwaka 2011 Malawi ikawa nchi ya kwanza duniani kuamua kwamba kila mama mjamzito mwenye VVU aanze dawa na aendelee nazo maisha yake yote, utaratibu ambao nchi nyingine ziliuiga baadaye. Maambukizi kwa watu wazima wa miaka 15 hadi 49 yalishuka kutoka karibu asilimia 12 mwaka 2004 hadi chini ya 9 katika uchunguzi wa 2015 na 2016, na umri wa kuishi umepanda ukapita miaka 60. Watu wapatao milioni 1 wanaishi na virusi na wengi wao wanakunywa dawa na kufanya kazi zao.

Nchi maskini kiasi hicho imeweza vipi? Kwa fedha za nje. Zaidi ya nusu ya matumizi yote ya afya Malawi yamekuwa yakilipwa na wahisani, wakiongozwa na Marekani pamoja na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria.

Hapa pana kiungo ambacho watu wa biashara hukipuuza. Msaada wa afya huonekana kama jambo la zahanati, lakini kwa benki ni biashara ya fedha za kigeni. Shirika la nje likitaka kulipa mishahara ya wauguzi, pango la ofisi na mafuta ya magari, linaleta dola, linaiuzia benki, linapewa kwacha. Dola hiyo inabaki benki, na kesho yake anapewa mwagizaji wa mafuta ya kula. Kwa maneno mengine, mwenye duka wa Mzuzu anayemlipa Mtanzania kwa dola amekuwa akitegemea, bila kujua, mradi wa VVU wa wilayani kwake.

Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa rasmi. Wahudumu wa afya wengi waliolipwa kwa fedha hizo walipoteza ajira. Hata mradi mkubwa wa barabara na ardhi wa dola milioni 350, uliofadhiliwa na mfuko mwingine wa Marekani na kuanza rasmi mwaka 2024, ulisimamishwa. Barabara za kutoa mazao vijijini ndizo zilizokuwa zitengenezwe. Kwa wenye malori hiyo ni hasara mara mbili: dola zimepungua na barabara haikupatikana.

Wenye kumbukumbu wanaijua hadithi hii. Mwaka 2011 wahisani waligombana na serikali ya Rais Bingu wa Mutharika wakazuia fedha zao. Foleni za mafuta zikawa za siku kadhaa na malori yakalala Karonga yakisubiri dizeli. Rais huyo alifariki Aprili 2012, na mwezi uliofuata mrithi wake, Joyce Banda, akaishusha thamani ya kwacha kwa kishindo. Mfuatano umekuwa huohuo kila mara: msaada unakauka, dola zinakauka, vituo vya mafuta vinakauka, kisha kwacha inaanguka.

Mei 2022 Benki Kuu ya Malawi iliishusha kwacha, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 25. Novemba 2023 ikashusha tena, mara hii asilimia 44, kutoka karibu kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa dola. Ifanywe hesabu ya mtu aliyetoa mali kauli Oktoba 2023, yenye thamani ya kwacha milioni 11.8. Siku ya kutoa mzigo, hizo zilikuwa dola 10,000. Mteja wake alikuwa mwaminifu, akalipa deni lote mwishoni mwa Novemba bila kupungua hata kwacha moja. Zilikuwa dola 6,940. Zaidi ya dola 3,000 zimepotea na hakuna aliyeiba.

Hesabu hiyo ni ya bei rasmi, ambayo wengi hawaipati. Kwa muda mrefu baada ya hapo bei rasmi ilikaa karibu na kwacha 1,750, huku mitaani mwaka 2025 dola ikipita kwacha 4,000. Anayepanga bei ya mzigo kwa kutazama tangazo la benki anajidanganya. Anayeipanga kwa bei ya mtaani naye ana tatizo lake, kwa sababu kubadili fedha mtaani ni kosa, na mtu akikamatwa na mabunda ya kwacha kando ya mpaka hana pa kulalamika.

Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulioidhinishwa Novemba 2023, kiasi cha dola milioni 175, ulitarajiwa kutuliza mambo. Malawi haikutimiza masharti, na Mei 2025 mpango huo ukakatika. Septemba mwaka huo wananchi walipiga kura. Chakwera akashindwa na Peter Mutharika, ndugu wa marehemu Bingu, akaapishwa Oktoba. Amerithi foleni za mafuta na madeni, na miezi yake ya mwanzo ikawa ndiyo miezi ya njaa.

Serikali isiyo na dola ina njia moja rahisi ya kuonekana inafanya kitu, nayo ni kuzuia bidhaa mpakani. Desemba 2023 Malawi ilizuia mahindi ambayo hayajasagwa kutoka Tanzania na Kenya, ikitaja ugonjwa wa mahindi, wakati nchi yenyewe ilikuwa ikielekea kwenye njaa. Machi 2025 ikapiga marufuku kuingiza orodha ndefu ya bidhaa, zikiwemo unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Waliotazama orodha hiyo kutoka Kyela na Rungwe waliona kama imeandikwa kwa ajili yao. Aprili Waziri wa Kilimo wa Tanzania wakati huo, Hussein Bashe, alijibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi, pamoja na ya Afrika Kusini kwa mgogoro mwingine, na kutishia kugusa hata mbolea inayokwenda Malawi. Zuio hilo la Tanzania liliondolewa baada ya siku chache ili mazungumzo yafanyike.

Siku hizo chache zilitosha kuozesha ndizi za watu. Aliyeumia si waziri wa upande wowote. Ni mama wa Rungwe aliyekopa kununua mikungu na kijana wa Karonga mwenye baiskeli anayeivusha. Nchi zote mbili ni wanachama wa SADC, na cheti cha asili ya bidhaa cha jumuiya hiyo kinatakiwa kulinda biashara ya aina hii. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo ngao ya huko hainayo, wakati Mkenya anayo. Jambo hilo halizungumzwi vya kutosha kwenye vikao vya wafanyabiashara wa Mbeya.

Katika usafirishaji, nafasi ya Tanzania bado ni kubwa kaskazini na katikati ya Malawi. Kusini, Blantyre inahudumiwa kwa urahisi zaidi na bandari za Beira na Nacala za Msumbiji, ambazo ziko karibu mno kuliko Dar es Salaam. Lakini vurugu zilizofuata uchaguzi wa Msumbiji wa Oktoba 2024 ziliwakumbusha waagizaji wa Malawi hatari ya kutegemea mlango mmoja. Malawi ina vituo vyake vya mizigo Dar es Salaam na Mbeya tangu zamani kwa sababu hiyohiyo: miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilifunga njia za kusini. Upande wa ziwa, bandari ya Mbamba Bay inayojengwa Ruvuma inaweza kuwafungulia njia watu wa Mtwara na Songea, iwapo upande wa pili utakuwa na gati na meli za kuipokelea mizigo hiyo.

Tatizo la zamani la mzigo wa kurudi halijatatuliwa. Malori mengi yanakwenda yamejaa na kurudi matupu, isipokuwa kwenye miezi ya mavuno. Gharama ya kurudi tupu inaingia katika nauli ya kwenda, na nauli inaingia katika bei ya sabuni kijijini. Mgodi wa urani wa Kayelekera, wilayani Karonga, ulioanza tena uzalishaji Agosti 2025 baada ya kufungwa miaka zaidi ya 10, utaleta dola kiasi na kazi kwa wenye magari ya karibu, ingawa si mgodi wa kugeuza uchumi mzima.

Wazoefu wa njia hiyo wana taratibu zao. Mali kauli hutolewa Aprili hadi Juni na kudaiwa kabla ya Septemba. Kuanzia Oktoba ni fedha mkononi, au mzigo haushuki. Wengine hawabadili kwacha kabisa. Wananunua nayo soya, karanga au maharage wakati wa mavuno na kuuza Tanzania kwa shilingi, hivyo faida inapatikana mara mbili na lori halirudi tupu, mradi vibali vya mazao vimeshughulikiwa mapema na hakuna zuio jipya limetangazwa. Dereva hapewi safari ya Lilongwe Desemba bila akiba ya dizeli ya kumfikisha Karonga wakati wa kurudi. Na dereva anayetumia ARV hubeba dawa za mwezi mzima hata kama safari ni ya wiki moja, kwa maana lori likikwama kwa mafuta hakuna anayejua litaondoka lini.

Kipimo cha kila msimu kiko barabarani, kuanzia Agosti. Malori ya mbolea yakionekana kwa wingi Uyole na Kasumulu kabla ya Oktoba, ina maana Malawi imepata dola za kulipia, mahindi yatalimwa, na Aprili itakayofuata watu watakuwa na cha kununulia. Malori hayo yakichelewa mpaka Desemba, mwenye deni lake Lilongwe aanze kulifuatilia mapema.